Ghala la maagizo ya kompyuta nalo lahitaji stakabadhi

CHUKULIA mkulima wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, anapokea ujumbe wa simu kutoka kwenye mfumo wa kompyuta wa msafirishaji: "Lori litafika kesho saa 8:00." Kwake saa 8 ni mchana. Kesho yake anavuna asubuhi, anapanga matenga bila haraka, na saa 7 mchana anayafikisha barabarani.

Lori limekwishapita tangu saa 2 asubuhi. Dereva alifika kwa wakati aliopangiwa, hakukuta mtu, akaendelea na safari ya Dar es Salaam.

Katika mkasa wa namna hiyo hakuna mwizi wala dereva mzembe. Kompyuta iliandika saa kwa hesabu ya Kizungu, inayoanza usiku wa manane, na mkulima akaisoma kwa hesabu ya Kiswahili, inayoanza alfajiri. Tofauti ni saa 6, na hasara ni matenga yote.

Mfano huo ni wa kubuni, lakini njia inayoweza kuzaa kosa la aina hiyo ni ya kweli na inazidi kupanuka. Siku hizi programu nyingi haziandikwi na mtu peke yake. Mtengenezaji wa programu huiagiza mashine ya akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia au akili unde, imwandikie sehemu ya kazi, kisha yeye huipitia na kuiunganisha na nyingine. Agizo likikosa mstari mmoja tu, kama vile "taja saa kwa hesabu ya Kiswahili na useme ni asubuhi, mchana au usiku", mashine inaweza kwenda na mazoea ya kwingine bila kuuliza.

Ndiyo maana mjadala unaoendelea miongoni mwa watengenezaji wa programu duniani, wa namna ya kukusanya maagizo mazuri mahali pamoja ili wengi wayatumie, unamhusu pia mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Mazao yake, deni lake na malipo yake vinapita humo.

Agizo zuri na agizo baya

Agizo ni maneno ambayo mtu huiandikia mashine ya akili mnemba akiieleza kazi anayotaka ifanywe. Linaweza kuwa sentensi moja au kurasa kadhaa. Mashine hizo zilijulikana sana kwa watu wa kawaida baada ya Novemba 30, 2022, kampuni ya OpenAI ya Marekani ilipoifungua ChatGPT kwa umma. Kwa watengenezaji wa programu safari ilianza mapema kidogo: GitHub Copilot, kisaidizi kinachopendekeza msimbo wakati mtu anauandika, kilianza kujaribiwa mwaka 2021 na kuuzwa rasmi mwaka 2022. Msimbo ni yale maandishi ambayo kompyuta huyafuata ili kufanya kazi.

Waliotumia mashine hizo waligundua jambo moja mapema. Mashine ile ile humpa mtu mmoja kazi nzuri na mwingine kazi mbovu, kutegemea ilivyoagizwa.

Mwenye shamba hawezi kushangaa. Kibarua akiambiwa "lima hapa" atalima anavyojua. Akiambiwa "lima matuta, acha sentimita 75 kati ya mstari na mstari, uishie kwenye mwembe", atafanya kazi nyingine kabisa, ingawa nguvu na jembe ni vile vile.

Mtengenezaji wa programu akipata agizo linalofanya kazi vizuri hulihifadhi. Tatizo ni mahali. Mmoja huliweka kwenye simu, mwingine kwenye daftari, wa tatu hulituma kwenye kundi la WhatsApp ambako linafunikwa na salamu za asubuhi. Mwezi unaofuata mwenzake wa meza ya pili anahangaika nusu siku kutafuta maneno ambayo jirani yake anayo tayari.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la maktaba ya maagizo: mahali pamoja ambapo maagizo yaliyokwisha kutumika huhifadhiwa ili yatumike tena na mtu yeyote wa kikundi au hata wa nchi nyingine.

Kutoka daftari la mtu mmoja hadi ghala la wote

Mkusanyo mmoja unaojulikana sana ulianzishwa Desemba 2022, mara tu baada ya ChatGPT kufunguliwa. Mtengenezaji wa programu wa Uturuki, Fatih Kadir Akın, alikusanya maagizo na kuyaweka wazi kwa jina la Awesome ChatGPT Prompts, kila mtu ayachukue bure na anayetaka aongeze lake. Mkusanyo huo umepata alama za kupendwa zaidi ya 100,000 katika GitHub, ghala la mtandaoni ambako watengenezaji wa programu huhifadhi kazi zao.

GitHub haikujengwa kwa ajili ya akili mnemba. Ilifunguliwa mwaka 2008 juu ya msingi wa Git, programu iliyoandikwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, mtu yule yule aliyeanzisha Linux. Kazi ya Git ni kutunza historia: nani alibadilisha mstari upi, lini, na ulikuwaje kabla ya kubadilishwa. Thamani ya huduma hiyo ilionekana mwaka 2018, Microsoft ilipotangaza kuinunua GitHub kwa dola za Marekani bilioni 7.5.

Kwa hiyo watengenezaji wa programu walikuwa na ghala tayari, na bidhaa mpya ikaletwa. Leo vikundi vingi huweka maagizo katika folda ile ile yenye msimbo wa kazi. Vingine huweka faili la kanuni za kudumu ambalo mashine hulisoma yenyewe kabla ya kuanza kazi. Mwaka 2025 faili liitwalo AGENTS.md lilianza kuenea kama jina la pamoja la faili la aina hiyo, ili kikundi kinachotumia visaidizi vya kampuni tofauti kisiandike kanuni zile zile mara nyingi.

Yote hayo ni maendeleo. Hata hivyo, kuwa na ghala ni jambo moja na kujua kilichomo ni jambo jingine.

Lundo si ghala

Maktaba nyingi za aina hii huanza kwa furaha na kugeuka lundo baada ya miezi michache. Kila mtu anatupia chake. Agizo moja linaitwa "zuri", la pili "zuri jipya", la tatu "la mwisho kabisa". Yapo manne yanayofanya kazi moja, na hakuna anayejua lipi lilijaribiwa. Kijana aliyeajiriwa wiki hii anachukua la kwanza aliloliona. Akiumia mara mbili anaacha kuliamini ghala lote, anarudi kuandika lake mwenyewe. Kikundi kinakuwa kimebeba gharama ya maktaba bila kupata faida yake.

Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaielewa tofauti kati ya lundo na ghala. Sheria ya stakabadhi za ghala, Namba 10 ya mwaka 2005, ndiyo iliyoweka msingi wa mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao kwa korosho ulianza mkoani Mtwara msimu wa 2007/08. Chini ya mfumo huo korosho hupimwa uzito, hupangiwa daraja, na stakabadhi hutolewa ikionyesha mzigo ni wa nani, ni kilo ngapi, ni wa daraja gani na umepokelewa lini.

Mfumo huo umewahi kulalamikiwa na wakulima, hasa kuhusu malipo kuchelewa na makato. Lakini mantiki ya stakabadhi yenyewe inaeleweka. Mnunuzi mnadani hahitaji kufungua kila gunia, kwa sababu karatasi inamweleza kilichomo, na mtunza ghala anawajibika ikiwa karatasi imesema uongo.

Maktaba ya maagizo inakosa hasa kitu hicho. Ina magunia, haina karatasi.

Stakabadhi ya agizo iwe na nini?

Vikundi vilivyofanikiwa kutunza maagizo yao havina siri kubwa. Kila agizo linaloingia huambatana na maelezo machache yasiyozidi nusu ukurasa.

La kwanza ni jina linalotaja kazi. "Kagua msimbo wa malipo kabla haujatumika" ni jina. "Agizo bora la Juma" si jina, maana Juma akihama kampuni hakuna atakayejua lilikuwa la nini.

La pili ni mahali linapofaa na mahali lisipofaa. Agizo la kutafuta makosa katika msimbo mfupi linaweza kupotosha likipewa msimbo wa kurasa mia. Mwenye kulileta anajua hilo, anayelikuta ghalani hajui.

La tatu ni nafasi za kujaza. Agizo linaloweza kutumika tena huacha wazi yale yanayobadilika, kama jina la faili, lugha ya programu na nchi ya mteja, na hueleza kila nafasi ijazwe nini. Bila hivyo mtu hulinakili na majina ya mradi wa zamani yakiwa ndani yake.

La nne ni mfano mmoja wa kilichoingizwa na kilichotoka. Huo ndio sampuli ya gunia. Anayelitumia analinganisha alichopata na mfano na kujua kama mambo yameharibika.

La tano ni mashine iliyotumika na tarehe ya jaribio la mwisho. La sita ni jina la mtu anayelitunza, wa kuulizwa likigoma.

Mpangilio wa rafu nao una maana. Uzoefu wa maktaba yoyote unaonyesha kwamba mtu hutafuta kwa kazi aliyonayo mkononi, si kwa jina la aliyeandika wala jina la mashine. Rafu chache zinatosha: kuandika msimbo mpya, kukagua, kujaribu, kueleza msimbo wa zamani, na kuandika maelezo ya mtumiaji. Rafu zikizidi, mtu anakaa akijiuliza kitu kiko wapi na mwishowe haweki wala hatafuti.

Aidha, ni vizuri kutenganisha maagizo ya kazi moja moja na kanuni za kudumu. Ule mstari wa kutaja saa kwa hesabu ya Kiswahili hauhusu ujumbe wa lori peke yake. Unahusu kila ujumbe utakaomfikia msomaji wa Kiswahili. Ukinakiliwa ndani ya maagizo arobaini, siku ukihitaji marekebisho utarekebishwa katika thelathini na kusahaulika katika kumi. Mahali pake ni katika faili moja la kanuni, ambalo maagizo yote hulirejea.

Gunia la Nairobi na gunia la Mbeya

Kwa Afrika Mashariki kuna kipengele cha saba ambacho maktaba za Ulaya na Marekani haziwezi kukitoa: agizo limeandikwa kwa mazingira ya wapi.

Tuseme mtengenezaji wa programu wa Nairobi ameandika agizo la kutengeneza daftari la mauzo ya mahindi. Amelijaribu vizuri na limo katika maktaba ya wazi. Ndani yake amesema gunia ni kilo 90, kwa kuwa ndilo gunia la biashara ya mahindi nchini Kenya. Kijana wa Mbeya analichukua kwa ajili ya chama cha wakulima, ambako gunia huhesabiwa kuwa kilo 100.

Chama kikiingiza magunia 50, daftari litaonyesha kilo 4,500 badala ya 5,000. Kilo 500 zimepotea bila hata punje moja kuibwa. Anayeshukiwa kwanza atakuwa karani.

Mbolea ni mfano mwingine. Mkulima wa hapa huhesabu kwa ekari, vitabu vingi vya utaalamu huhesabu kwa hekta, na hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Mfuko wa kilo 50 kwa ekari ni sawa na takriban kilo 124 kwa hekta. Agizo lisilotaja kipimo linaweza kumfanya mkulima anunue mara mbili na nusu ya anachohitaji, au kinyume chake aweke kidogo hadi mahindi yawe ya manjano.

Jambo hili si la mbali. Shirika la Digital Green limekuwa likiendesha huduma iitwayo Farmer.Chat katika nchi kadhaa, Kenya ikiwa mojawapo, ambapo maswali ya kilimo hujibiwa na akili mnemba kwa kutumia maarifa yaliyokusanywa na wataalamu. Nyuma ya kila huduma ya namna hiyo kuna maagizo yaliyoandikwa na watu, yanayoielekeza mashine ijibu kwa lugha gani, kwa vipimo gani, na ifanye nini isipojua. Mkulima hayaoni, lakini ndiyo yanayoamua ushauri anaoupata.

Kuna pia suala la gharama. Kampuni za akili mnemba nyingi huwatoza watengenezaji wa programu kwa vipande vya maneno yanayoingia na kutoka, kwa dola. Sentensi ya Kiswahili kwa kawaida hukatwa vipande vingi kuliko ya Kiingereza yenye maana hiyo hiyo. Agizo refu lisilo na sababu, likitumika mara elfu kwa siku, ni bili. Kulipunguza bila kupoteza maana ni kazi inayofaa kufanywa mara moja na kuhifadhiwa.

Agizo nalo huchacha

Wapo wanaodhani agizo likishafanya kazi limemaliza. Utafiti wa wataalamu wa vyuo vikuu vya Stanford na California, Berkeley, uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha vinginevyo. Waliipa mashine ya GPT-4 maagizo yale yale ya kuandika msimbo mwezi Machi na tena mwezi Juni mwaka huo. Mwezi Machi asilimia 52 ya majibu yaliweza kutumika moja kwa moja bila kuguswa. Mwezi Juni ilikuwa asilimia 10.

Sababu kubwa haikuwa kwamba mashine imesahau kazi. Ilikuwa imeanza kuongeza alama nyingine kuzunguka msimbo. Kwa mtu anayesoma jibu kwa macho, alama hizo si kitu. Kwa mfumo unaochukua jibu na kuliendesha moja kwa moja, kazi inakwama.

Katika miezi mitatu, agizo halikubadilika hata neno. Kilichobadilika ni aliyeagizwa. Ndiyo maana tarehe ya jaribio ni sehemu muhimu ya stakabadhi, kama ilivyo tarehe kwenye pakiti ya mbegu au chupa ya dawa ya mifugo. Mashine mpya hutolewa na za zamani huondolewa. Agizo ambalo halijajaribiwa tangu mwaka juzi lisihesabiwe kuwa mali mpaka lijaribiwe tena.

Sumu ndani ya gunia

Hatari nyingine ni usalama, nayo ina pande mbili: yanayotoka na yanayoingia.

Upande wa kwanza ni kuvuja. Mwaka 2023 kampuni ya Samsung ya Korea Kusini iliwazuia wafanyakazi wake kutumia ChatGPT na huduma za aina hiyo, baada ya kubainika kwamba baadhi yao walikuwa wameingiza humo msimbo wa siri wa kampuni. Ikiwa kampuni ya ukubwa huo iliponyokwa, karakana ya vijana watano haina kinga.

Hatari huongezeka agizo linapohifadhiwa kwa ajili ya wengi. Mtu anayeandika mfano wa kuingiza hujikuta amenakili orodha halisi ya wateja, majina, namba za simu na salio la mikopo. Siku maktaba inapofunguliwa kwa umma, orodha nayo imefunguliwa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu mwaka 2019, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Taarifa za mwanachama wa ushirika si mali ya kijana aliyetengeneza programu. Mifano yote ya maktaba inapaswa kuwa na majina ya kubuni, na maneno ya siri yasionekane humo kabisa.

Upande wa pili ni kuingiziwa. OWASP, taasisi ya kimataifa inayoorodhesha hatari za usalama wa programu, imeweka katika nafasi ya kwanza ya orodha yake ya hatari za mifumo ya akili mnemba ujanja wa kupenyeza maagizo ya siri ndani ya maandishi ambayo mashine inasoma. Agizo refu lililookotwa mtandaoni linaweza kuwa na mistari miwili katikati inayoiambia mashine itume faili mahali fulani.

Zamani ilikuwa hatari ndogo, kwa sababu mashine ilijibu kwa maneno tu. Leo visaidizi vingi vinaruhusiwa kufungua mafaili na kuendesha amri vyenyewe. Agizo la kuokota ni kama mbegu ya kununua kwenye mfuko usio na lebo: huenda ni nzuri, lakini mwenye busara haipandi shamba zima. Lisomwe lote, mstari kwa mstari, na mtu wa pili, kabla halijapokewa ghalani.

Faida ipo, lakini ipimwe

Je, kazi yote hiyo ina malipo? Takwimu zilizopo zinatoa majibu mawili yasiyofanana, na yote yanafaa kusikilizwa.

Katika jaribio lililotangazwa na GitHub mwaka 2022, watengenezaji wa programu 95 walipewa kazi moja ya kuandika. Waliotumia Copilot walitumia wastani wa saa 1 na dakika 11. Wasioitumia walitumia saa 2 na dakika 41. Ikumbukwe kwamba GitHub ndiyo inayouza bidhaa hiyo.

Mwaka 2025 taasisi ya utafiti ya METR ya Marekani iliwafuatilia watengenezaji wazoefu 16 katika kazi 246 ndani ya miradi waliyoifahamu vizuri. Waliporuhusiwa kutumia akili mnemba walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. La kushangaza ni kwamba wao wenyewe waliamini wamekwenda haraka zaidi kwa asilimia 20.

Tofauti inaeleweka. Kazi ya kwanza ilikuwa mpya, fupi na iliyoelezwa wazi. Kazi za pili zilikuwa ndani ya msimbo mkubwa wa miaka mingi, wenye desturi ambazo mashine haikuelezwa. Funzo kwa mwenye maktaba ni kwamba hisia si kipimo. Kila agizo lipimwe kwa saa na kwa makosa, lisilookoa chochote litolewe.

Nani mtunza ghala?

Swali hili ndilo linaloziua maktaba nyingi. Kuleta agizo kuna sifa, kulifuta hakuna. Kujaribu upya maagizo ishirini kila mashine inapobadilika ni kazi ya siku nzima ambayo mteja haioni na halipii.

Kampuni kubwa huweza kumwajiri mtu. Karakana ndogo ya Kariakoo, Mwanza au Arusha haiwezi, na haihitaji. Njia inayowezekana ni kuanza na maagizo kumi tu yanayotumika kila wiki, kila moja likiwa na mtunzaji mmoja, na kutenga nusu siku kila mwezi kuyajaribu. Agizo jipya likitaka kuingia, mtu mwingine asiye mleta alijaribu kwanza. Lisilotumika kwa miezi mitatu litolewe. Historia ya Git italihifadhi, hivyo kulitoa si kulipoteza.

Kwa karakana zinazohudumia kilimo na biashara ndogo lipo jambo la kufanya kwa ushirika. Kanuni za saa, vipimo vya gunia na ekari, sarafu na lugha ya heshima kwa mteja hazina ushindani wa kibiashara. Karakana tano zikiandika faili moja la kanuni hizo na kulitunza pamoja, hakuna inayopoteza mteja, na mkulima wa Ilula ana nafasi nzuri zaidi ya kulikuta lori lake.

Maswali kabla ya kulipa

Chama cha ushirika, duka la pembejeo au msafirishaji anayeagiza programu hana haja ya kujua msimbo. Anaweza kuuliza maswali manne.

Je, akili mnemba imetumika kutengeneza programu hii au inatumika ndani yake? Maagizo yake yamehifadhiwa wapi, na yalijaribiwa lini mara ya mwisho? Majina na namba za simu za wanachama zinapelekwa kwenye mashine ya nani? Gunia katika hesabu hizi ni kilo ngapi, na saa 8 ni saa ngapi?

Swali la mwisho linaonekana la mzaha, lakini ndilo linalotenganisha. Mtengenezaji mwenye ghala lililopangwa atafungua faili moja na kuonyesha mstari. Mwenye lundo atasema, "Hiyo ipo, usiwe na wasiwasi."

Mkulima wa korosho alishazoea kutokubali jibu hilo kwa mzigo wake. Haondoki ghalani na maneno matamu, huondoka na karatasi mkononi. Anayemuuzia programu naye aonyeshe yake.